Mama Mkwe wa Ghorofani

Siku ya kwanza mwenye banda la vidio alipoweka ile katuni, kina mama wa mtaa walileta watoto. Ilikuwa imechorwa, kwa hivyo ni ya watoto. Waliwapanga benchi ya mbele wakaenda zao kuteka maji. Kabla mitungi haijajaa, baba wa kwenye katuni alikuwa ameshalewa, ametukana jirani na amekojolea gari la polisi. Watoto walifurahi sana. Kina mama waliporudi waliongea na mwenye vidio kwa lugha tatu tofauti, na kesho yake mlango ulikuwa na maandishi ya chaki: WAKUBWA PEKE YAO.

Hiyo ilikuwa Kakuma, ndani ya kambi, mwaka wa 2012. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Lodwar mwaka uliotangulia. Matokeo hayakuwa mabaya, lakini barua ya chuo ilikuwa haiji, na kukaa nyumbani, mtaa wa Kanamkemer kulekule Lodwar, nikiulizwa kila asubuhi kama barua imekuja kulinishinda. Shangazi alikuwa na kihoteli cha chai upande wa mji, kabla hujavuka laga, ule mto mkavu, kuingia kambini. Nikaenda kumsaidia. Nilikuwa mbaya kwa kuosha vikombe na mbaya zaidi kwa kungoja wateja wamalize kunywa. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Hebu toka, tembea kidogo, unanichosha."

Nikatembea hadi kwenye vidio. Ilikuwa nyumba ya mabati, ndani benchi za mbao na televisheni yenye kisogo kikubwa, spika mbili, jenereta nyuma. Wikendi ilikuwa mpira. Jioni zilikuwa za filamu za kupigana. Mchana wa katikati ya wiki hapakuwa na watu, ndiyo maana mwenyewe akajaribu katuni. Alikuwa na kijana wa kutafsiri Kiingereza kwa Kiswahili kwenye maiki, lakini yule kijana alikuwa anajitungia. Baba wa kwenye katuni akisema amepoteza funguo, yeye anasema, "Wazee, leo naenda kuoa bibi wa pili." Watu walicheka, lakini mimi nilikuwa nimekaa pale na masikio yangu, na sikuweza kunyamaza.

"Hajasema hivyo," nilisema kwa sauti.

Mwenye vidio aligeuka. Alikuwa mtu wa Sudan Kusini, mrefu, kama miaka thelathini hivi, mwenye tabia ya kufikiri kwanza ndipo ajibu, kitu ambacho kilinikera kuanzia siku hiyo mpaka ya mwisho.

"Wewe unajua amesema nini?"

"Najua."

"Basi kuja ushike maiki."

Nikashika. Yule kijana hakukasirika, alikuwa ameshachoka, akaenda kuendesha boda boda. Mwenye vidio alinitundikia shuka kwenye pembe, kando ya televisheni, ili wanaume wasigeuke kuniangalia badala ya kuangalia picha. Nikawa sauti tu. Shangazi alikubali kwa sharti kwamba niwe nimevuka laga kabla jua halijaenda.

Katuni yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mwanamume anayelipisha magari kwenye kizuizi cha daraja. Ana mke anayefundisha watu kuendesha gari. Ghorofani kwao anaishi mama ya mke, mjane, mwenye fimbo. Hao ndio watu. Kila kipindi ni kama dakika ishirini, na vipindi vilikuwa vingi mno kwa sababu katuni hiyo ilikuwa imeonyeshwa huko Amerika miaka mingi. Diski zilitoka Nairobi kupitia Kitale, zimefungwa kwenye karatasi ya nailoni, bila jina, bila namba. Mwenye vidio alikuwa anaziweka jinsi zilivyokuja.

Basi siku yangu ya kwanza nyuma ya shuka, baba alisimama katikati ya sebule, akatazama juu kwenye dari, akasema kitu. Mimi nikatafsiri kama nilivyofundishwa shuleni, bila kuongeza, bila kupunguza: "Huyu mama mkwe wangu akifa, nitauza kitanda chake kabla hakijapoa."

Hakuna aliyecheka. Nilichungulia kando ya shuka. Wazee wawili wa Sudan Kusini walikuwa wamesimama. Mmoja alikuwa anatafuta kofia yake. Halafu jenereta ikazimika, na mwenye vidio akatokea huko nyuma akijifuta mikono.

"Dada, huyo mama ni nani?"

"Ni mama ya mke wake."

"Hapana."

"Bosi, wamesema wenyewe."

"Wao wako Amerika. Mimi niko hapa na hawa wazee." Akafikiri. Mimi nilikuwa nakunjakunja waya wa maiki. "Mpe kazi ingine."

"Kazi gani?"

"Awe mwenye nyumba. Mwenye nyumba anatukanwa kila mahali."

Akawasha jenereta, na mimi nikatangaza kwa maiki kwamba kulikuwa na shida kidogo ya lugha, yule wa juu ni mama mwenye nyumba na wale wa chini ni wapangaji. Wazee wakakaa. Mzee wa kofia akasema kitu, wenzake wakacheka. Kutoka hapo kila mama akigonga sakafu kwa fimbo, mimi nasema anadai kodi. Mke akimwita mama, hakuna shida, nani hamwiti mwanamke mzee mama? Ilienda vizuri kuliko ukweli. Vidio ilijaa.

Baadaye alinieleza, tukikunja nyaya. Kwa watu wake mwanamume hamwangalii mama mkwe usoni. Hali chakula mbele yake. Akikutana naye njiani anapita pembeni, hata kama pembeni ni miiba. Sio chuki, hiyo ndiyo heshima yenyewe. Ninyi Waturuki—ndivyo alivyokuwa anatuita Waturkana—alisema, mnazo desturi kama hizo pia. Tunazo, lakini mimi nilikulia Kanamkemer katika nyumba ya kupanga, ambapo baba yangu na nyanya mzaa mama waligombania redio kila jioni.

Halafu akaniambia sababu ya pili. Alikuwa anaoa. Wazee wa pande zote walikuwa wameshakubaliana mambo yao, lakini mama wa msichana alikuwa hajasema ndiyo. Alikuwa mjane, alitembea na watoto wake kutoka kwao mpaka mpakani, na hakuna mzee aliyetaka kumlazimisha. Na alikuwa na neno moja tu kuhusu huyu bwana harusi: mtu wa vidio.

"Ataona kwamba nyumba yangu ni ya matusi," alisema. "Akisikia natukanisha mama mkwe mbele ya watu, imeisha. Siwezi hata kwenda kujitetea. Siruhusiwi kumwona."

"Huyo msichana mwenyewe anasemaje?"

"Anangoja mama yake."

Mimi ningekuwa msichana huyo ningekuwa nimeshapiga kelele. Lakini sikuwa.

Miezi ikaenda. Tulikuwa tumemaliza diski za kwanza, ambazo picha zake zilikuwa safi, rangi kali, mistari myembamba, maneno mengi ya haraka mpaka nilikuwa naishiwa pumzi. Zikaja zingine. Hizi zilikuwa na picha ya mraba, mistari minene, rangi kama nguo iliyofuliwa sana. Shingo ya baba ilikuwa fupi. Sauti ya mke ilikuwa ya mtu mwingine. Na watu wa kwenye katuni waliongea polepole. Kulikuwa na wakati hakuna mtu anasema kitu, baba amekaa tu kwenye kibanda chake cha darajani anaangalia maji, na mimi nyuma ya shuka sijui nifanye nini na maiki.

Kubwa zaidi, baba alikuwa amebadilika. Hatukani. Anakunywa, lakini anajuta asubuhi. Anamnunulia mke viatu, vinakuwa vidogo, anaenda kuvirudisha kwa miguu. Mama wa juu naye alikuwa mtu kamili: alikuwa fundi wa nguo, alikuwa na rafiki, alimlilia mumewe. Kule kwenye diski za kwanza alikuwa fimbo na kelele, basi.

Kulikuwa na fundi cherehani Mkongo aliyekuwa anakaa benchi ya mbele kila siku, kazi yake akiiacha kwa shemeji. Yeye ndiye aliyesema kwanza.

"Yaya," aliniita kupitia shuka, ndivyo kwao wanavyomwita dada, "huyu mutu alikuwa mukali kabisa. Sasa amekuwa kama kondoo. Nani amemufanyia hivi?"

"Mimi natafsiri tu."

"Ameokoka!" mtu akasema kutoka nyuma.

"Kweli kabisa! Ameokoka!"

"Lini? Hatukuonyeshwa."

"Iko kwa diski ingine. Itakuja."

Wakakubaliana hivyo. Walikuwa Wakristo karibu wote, na jambo hilo lilikuwa na maana kwao: mlevi, mtukanaji, sasa anarudisha viatu kwa miguu. Fundi alisema ameshaona watu kama hao kwao, wawili. Mtu mmoja aliuliza kama hata picha zenyewe zimeokoka, mbona zimefubaa. Akajibiwa kwamba mtu akiokoka anaacha mapambo.

Mimi nilicheka, lakini niliamini pia, sio wokovu, lakini kwamba wachoraji walikuwa wamekomaa. Nilifikiri mtu akifanya kitu miaka mingi anakifanya vizuri zaidi. Kilichonitia wasiwasi ilikuwa simu. Kwenye diski za kwanza walikuwa na simu za kugusa kioo. Kwenye hizi za sasa simu ilikuwa ukutani, ina waya kama mkia wa nguruwe. Hakuna familia inayorudi kwa simu ya waya.

Mwanzoni mwa 2013 nilienda Lodwar kufuatilia barua ya chuo. Haikuwepo. Niliingia saiba ya intaneti, nikalipia saa moja, na badala ya kutafuta vyuo vingine nikatafuta katuni. Ilikuwa kama nilivyoshuku. Tulikuwa tumeanzia mwisho. Diski za mraba ndizo za misimu ya kwanza kabisa, na zile safi ni za karibuni. Hakuna aliyeokoka. Mtu mzuri, mchovu, alikuwa ameharibika msimu baada ya msimu kwa miaka mingi, na sisi tulikuwa tumemtazama akirudi nyuma.

Watu wa Amerika walikuwa wameandika mengi kuhusu hilo, na walikuwa wamekasirika kama jamaa waliodhulumiwa urithi. Nilisoma mpaka saa ikaisha. Karibu wote walisema misimu ya mwanzo ilikuwa na moyo. Halafu, mmoja alieleza, kipindi kimoja baba aligombana na mama mkwe kupitia dari, yeye chini, mama juu, na watu walicheka sana. Kwa hivyo waliotengeneza wakarudia. Wakarudia tena. Mwishowe hawakuwahi kuwakutanisha chumba kimoja, kwa sababu kelele za dari ndizo zilizokuwa zinachekesha. Kila mtu akabaki na tabia moja. Mama fimbo, baba matusi, mke kupumua kwa nguvu. Mchoro ulikuwa unazidi kuwa mzuri na watu ndani yake wanazidi kuwa wembamba.

Nilirudi Kakuma na habari hiyo kama mtu aliyebeba maji ya moto.

"Tulikosea," nilimwambia mwenye vidio. "Ile ya mwisho ndiyo ya kwanza."

Akafikiri. "Na wao wamesema ameokoka."

"Ndiyo, na si kweli."

"Wacha tu, dada. Wamefurahi."

Nilimwambia fundi Mkongo mwenyewe. "Alianza vizuri, halafu akaharibika."

"Hapana, yaya. Hiyo saiba yako inadanganya. Mimi nimeona na macho."

Nikaacha.

Lakini hakuna kitu kinachokaa kimefichwa mahali watu wanakaa karibu hivyo. Kulikuwa na mwanamume aliyeanza kuja, mkimya, miguu mirefu mpaka anakaa mwisho wa benchi ili ainyooshe. Sikujua ni nani. Nilijua tu kwamba alikuwa anafundisha shule ya msingi ndani ya kambi. Siku hiyo watu walikuwa wameomba tena diski za zamani za matusi, nikawa natafsiri kelele za dari kwa nguvu zote. Watu walipotoka, yeye alibaki.

"Mwalimu mwenzangu," alisema kwa utani, ingawa mimi sikuwa mwalimu. "Toka kwa shuka."

Nikatoka.

"Haya masikio yangu yamesoma kidogo. Huyo mama si mwenye nyumba."

"Ni mwenye nyumba," nilisema.

"Na mwenye nyumba amemzaa mke wa mpangaji?"

Mwenye vidio alikuwa ametokea nyuma, kwenye jenereta. Alipomwona huyo mtu alisimama kama amekanyaga waya wa moto. Ndipo nikajua ni kaka wa msichana aliyetaka kumwoa.

"Mimi sina shida," kaka alisema, na kweli alikuwa karibu kucheka. "Nimecheka mpaka mbavu. Lakini mama ataniuliza nimeona nini huku. Na mama mimi simdanganyi."

"Mwambie ni picha tu," nikasema. "Ni kuchora. Hakuna mtu wa kweli aliyetukanwa."

"Wewe mwambie. Mimi siwezi."

Akaenda. Mwenye vidio alikaa kwenye benchi, akaangalia televisheni iliyozimwa. Nilitaka afanye kitu, atume wazee, atume mtu wa kanisa, avunje diski hata. Alikaa tu.

Kwa siku kadhaa mazungumzo ya ndoa yalisimama. Halafu kaka akarudi na ujumbe. Mama amesema hatakataa kitu ambacho hajakiona. Atakuja Jumamosi mchana, kabla ya mpira, na wanawake wenzake wawili.

"Sasa tuonyeshe nini?" mwenye vidio aliniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza aniulize kitu bila kufikiri.

Mimi nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nalo tangu Lodwar. Tutamwonyesha msimu wa kwanza, kipindi ambacho mama anahamia kwao. Mumewe amezikwa. Anakuja na mizigo miwili, mvua inanyesha, na baba anaacha kazi darajani kwenda kumchukua. Anambebea mizigo. Anampa chumba chake. Mama anakataa kula kwa huzuni, mikono inatetemeka, na baba anakaa naye mezani, anachukua kijiko, anamlisha supu. Hakuna tusi hata moja. Niliwahi kulia nyuma ya shuka nikitafsiri hicho kipindi, hata nikisema ni mwenye nyumba anarudi kwake, na mimi silii ovyo.

"Na mimi nitasema ukweli," nilimwambia. "Nitasema ni mama mkwe. Aone mkwe mwenye heshima anavyokuwa."

"Una uhakika?"

"Bosi, niamini."

"Wewe umesoma," alisema.

Jumamosi alifagia, akamwagia maji vumbi la mlangoni, akaazima viti vitatu vya plastiki. Kazi ilimchelewesha. Alikuwa amekaa nyuma, karibu na jenereta, ndio kwanza ameanza ugali wake na sukuma wiki, tuliposikia sauti ya mwanamke mzee mlangoni ikiuliza kwa Kiarabu cha Juba kama ndiyo hapa. Niligeuka kumwambia amekuja. Hakuwepo. Karatasi moja ya bati nyuma ilikuwa inatikisika, na sahani ilikuwa chini, na tonge ambalo alikuwa ameshalikata likiwa juu ya sukuma.

Mama alikuwa mfupi kuliko nilivyomfikiria. Alikaa kiti cha katikati, wenzake huku na huku, kaka nyuma yao. Alikuwa na Kiswahili cha kambini, cha kutosha.

"Wewe ndiyo binti ya kusema?"

"Ndiyo mama."

"Sema yote. Usipike maneno."

Sikupika. Niliweka diski, nikakaa nyuma ya shuka, nikatafsiri kama sijawahi kutafsiri. Mvua, mizigo, chumba. Nilisema wazi kwamba huyu ni mkwe na huyu ni mama ya mke wake. Wakasikiliza. Nikafika mezani. Nikamfanya baba awe na sauti laini kabisa: "Kula kidogo tu, mama, kwa ajili yangu."

Nilisikia kiti kikikwaruza sakafu.

"Zima," mama akasema.

Nilitoka nyuma ya shuka. Wanawake wenzake walikuwa wamejifunika midomo na mitandio. Mmoja alikuwa ameangalia pembeni kabisa, ukutani.

"Anamlisha?" mama aliuliza. "Na mkono yake? Anaangalia mdomo ya mama ya bibi yake ikifunguka?"

"Mama, anamhurumia, amefiwa—"

"Hana dada? Hana jirani? Bibi yake iko wapi, aje alishe mama yake?"

"Yuko kazini."

"Kazini." Alimwambia mwenzake kwa lugha yao, na mwenzake akatoa mguno ambao sikuhitaji kutafsiriwa.

Nilimwangalia kaka. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka, bwana. Ndoa ya dada yake ilikuwa inavunjika mbele yangu, na ni mimi niliyechagua, na yeye anacheka.

"Hii ndiyo nzuri?" alisema alipopata pumzi. "Mwalimu, si uweke ile mbaya. Mama alikuja kuona ile mbaya."

"Iko ingine?" mama aliuliza.

"Iko," nilisema. Sikuwa na la kupoteza tena, au yule aliyekuwa na la kupoteza hakuwepo kunizuia.

Nikaweka ya msimu wa karibuni. Rangi kali, maneno mbio. Baba chini, ametazama dari, anatoa matusi. Juu, fimbo inagonga, mama anarudisha matusi makubwa zaidi. Nilitafsiri yote kwa sauti kavu, ya kuchoka, kama mtu anayesoma majina ya waliokosa shule. Kitanda hakijapoa, kila kitu.

Mwanamke wa kushoto alicheka kwanza. Alijizuia, akacheka tena. Mama hakucheka. Alisogeza kiti mbele.

"Ngoja. Huyu iko chini?"

"Ndiyo."

"Mama iko juu?"

"Ndiyo."

"Wanaonana?"

Nikafikiri kuhusu vipindi vyote nilivyotafsiri, na yale niliyosoma saiba. "Hapana. Siku hizi hawaonani kamwe."

"Wanakula pamoja?"

"Hapana. Mke ndiye anampelekea chakula juu."

Akakaa nyuma kwenye kiti. "Sasa hii imejifunza. Ile ingine ilikuwa bado mtoto, hajui kitu. Hii mdomo yake mbaya, lakini imekaa mahali pake."

"Mdomo ni mbaya sana," mwanamke wa kulia akasema.

"Mdomo iko mbaya," mama alikubali. "Wanaume wengi mdomo yao ni mbaya."

Nikabaki nimesimama na rimoti. Watu wengi wa Amerika walikuwa wamelia kwa sababu hao wawili hawakai tena meza moja.

Mama alisimama, akajinyoosha mgongo, akatembea kuangalia ile nyumba, benchi, nyaya, mpaka nyuma kwenye jenereta. Nikamfuata. Alisimama juu ya sahani. Nzi walikuwa wameanza.

"Nani ilikuwa inakula hapa?"

Kaka sasa hakuwa anacheka.

"Ni yeye," nikasema. "Alikuwa ameanza tu. Alisikia sauti yako mlangoni, akatoka."

"Akatoka wapi? Mlango ni ile."

Nilionyesha bati. Lilikuwa limekunjwa chini, nafasi ambayo hata mimi ningepita kwa shida, na kwenye ukingo wake mkali kulikuwa na kipande cha shati. Mama aliangalia kile kitambaa. Aliangalia tonge. Alifikiri kwanza, kama mwenye vidio, na kwa mara ya kwanza mimi sikuwa na haraka.

"Funika hii sahani," aliniambia. "Chakula ya mtu isiliwe na nzi."

Kisha akaita wenzake, wakatoka mlangoni, bila kwaheri nyingi. Kaka aliwafuata. Alipopita karibu nami alinigusa bega.

Nilifunika sahani kwa karai, nikazunguka nje. Mwenye vidio alikuwa amechuchumaa nyuma ya ua wa miiba wa jirani, kwenye jua kali, shati limepasuka ubavuni, mbuzi wawili wa jirani wakimshangaa. Hakusimama.

"Ameenda?"

"Amefika kwa bomba la maji. Ngoja kidogo."

Akangoja. Nikachungulia.

"Sasa ameenda."

"Mlionyesha ile ya supu?"

"Tulionyesha. Aliichukia. Karibu niharibu kila kitu."

Alifumba macho. "Kwa hivyo imekwisha."

"Sijui. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliona ugali wako, akauliza ni wa nani, nikamwambia. Akaona mahali ulipopenya."

"Akasema nini? Sema vile alisema."

"Alisema nifunike sahani. Chakula ya mtu isiliwe na nzi."

Alifungua macho. "Ya mtu? Hakusema ya mtu wa vidio?" Aliniomba nirudie, nikarudia, bila kuongeza, bila kupunguza. Akakaa chini kabisa kwenye vumbi, mgongo kwenye ua, miiba na yote, akaanza kucheka polepole bila sauti, na machozi yanashuka, na mimi nikasimama pale nikiwafukuza mbuzi mpaka amalize.